Juisi ya limau inageuka chungu ikilala: nifanyeje, na ladha nyingine niziingizeje?

Swali: Habari yako mwalimu. Naishi Donholm, hapa Nairobi, na watoto wangu wanapenda sana juisi ya limau. Mimi hukata malimau vipande vinne, nasaga na maganda yake kwenye blenda, nachuja, natia sukari na maji. Tukiinywa hapo hapo ni tamu ajabu. Ikilala kwenye friji, asubuhi ni chungu. Nimejaribu kuongeza nanaa, ikageuka rangi ya matope. Stroberi nilizichemsha, juisi nzima ikawa na ladha ya jemu. Mwezi ujao binti ya dada yangu anaposwa na tutakuwa na wageni kama 30 hapa nyumbani. Nataka kuwatengenezea mwenyewe badala ya kununua soda. Nifanyeje?

Jibu: Dada, hongereni kwa posa, na asante kwa kueleza hatua zako zote, maana jibu limo humo humo. Uchungu unaingia kwenye blenda. Matope na jemu zinaingia pale unapotia ladha kwenye juisi yenyewe, au unapopeleka motoni kitu kisichotaka moto. Nianze na uchungu, kwa sababu usipoumaliza huo, hakuna nanaa wala stroberi itakayoiokoa juisi yako.

Tazama limau ukilikata. Nje kuna ganda la njano, jembamba sana, lenye mafuta yanayonukia. Chini yake kuna tabaka jeupe, laini. Kisha kuna nyama yenye maji, iliyogawanywa na ngozi nyembamba, na ndani yake mbegu. Uchungu umelala zaidi kwenye lile tabaka jeupe, kwenye zile ngozi na kwenye mbegu. Tunda likiwa zima, kiini cha uchungu huo hakina ladha yoyote. Ukilisaga, kiini kinakutana na asidi ya limau, na polepole, kwa muda wa saa kadhaa, kinageuka kuwa limonini, ambayo ni chungu kiasi kwamba ulimi unaitambua hata zikiwamo miligramu chache tu katika lita nzima. Ndiyo sababu jioni mnaisifu juisi, na asubuhi mnaikuta chungu kama shubiri. Friji inapunguza mwendo wa mabadiliko hayo, haiyazuii. Moto unayaharakisha.

Kwa hiyo juisi ya limau zima lililosagwa ni ya kunywa pale pale. Ukiipenda, endelea kuitengeneza, lakini saga kwa sekunde chache tu, toa mbegu kwanza, na msibakishe. Juisi ya kulala, na hasa ya wageni, ikamuliwe kwa mkono. Ile ambayo tayari imekuwa chungu haina dawa ya kweli. Chumvi kidogo, ya kubana kwa vidole viwili, hufunika uchungu kiasi, na hata kwenye juisi nzuri mimi huitia kwa sababu hiyo. Usiiongezee magadi kama wengine wanavyoshauri: yanaua uchachu ulioufuata na kuacha ladha ya sabuni.

Kuhusu kununua, usitishwe na sura. Malimau mengi tunayoyapata kwa mama mboga yana ganda nene lenye matuta na mbegu nyingi. Maji yake ni mazuri, ila yanakuhitaji uchuje kwa makini. Chagua kwa uzito. Shika mawili yenye ukubwa sawa, moja kila mkono, uchukue lililo zito. Ndimu ndogo za kijani zina ganda jembamba na harufu kali zaidi, na mchanganyiko wa malimau na ndimu chache unapendeza kuliko malimau peke yake. Kwa wageni 30 nenda soko la Marikiti asubuhi mapema, au popote wanapouza kwa gunia na ndoo, kwa sababu utahitaji mengi. Yale ya supamaketi yanayong'aa mara nyingi yamepakwa nta. Ukitaka kutumia maganda yake, yamwagie maji moto na uyasugue kwa brashi.

Limau la kutoka kwenye friji ni gumu na linatoa maji machache. Liache lipate joto la nyumba, au lilowe kwenye maji vuguvugu dakika kumi, kisha ulibingirishe mezani ukilikandamiza kwa kiganja. Likate kwa upana wake, ukamue, usilisokote mpaka ngozi zipasuke. Tone la mwisho lililotolewa kwa nguvu ndilo chungu. Chuja mbegu mara moja. Zisikae ndani ya juisi hata nusu saa.

Sasa maganda. Harufu ile uliyokuwa ukiipenda kwenye juisi ya kusaga ilitoka kwenye mafuta ya ganda la njano, na huhitaji blenda kuyapata. Kabla ya kukamua, menya malimau manne kwa kile kifaa cha kumenyea viazi, ukichukua unjano tu. Ukiona weupe mwingi nyuma ya ganda, umeenda chini sana. Weka maganda hayo kwenye bakuli pamoja na glasi moja ya sukari, uyaponde kidogo kwa mwiko, ufunike. Baada ya saa moja hivi sukari inaanza kulowa na kung'aa pembeni mwa maganda. Baada ya saa mbili imeshikana kama mchanga wa ufukweni na jikoni kunanukia limau. Sukari imeyavuta mafuta yote, na uchungu umebaki kwenye tunda. Nikiambiwa nichague hatua moja tu ya kumfundisha mtu, ningechagua hii.

Sukari hiyo hiyo ndiyo ya kupikia shira, ile ile tunayoitengenezea kaimati, ila nyepesi. Glasi moja ya sukari kwa glasi moja ya maji, koroga juu ya moto mdogo mpaka iyeyuke, usiiache ikachemka muda mrefu, toa maganda, acha ipoe. Shira inamaliza tatizo jingine ambalo hukulitaja lakini nadhani unalo: sukari kavu ikitiwa kwenye maji baridi inazama chini, glasi za kwanza zinakuwa chachu na za mwisho tamu kupita kiasi.

Kipimo cha jagi moja ni rahisi kukumbuka: glasi moja ya maji ya limau, glasi moja ya sukari, glasi tano za maji. Yale maji ya shira yahesabu ndani ya hizo tano. Nikisema glasi namaanisha ya mililita 250, ambayo hubeba karibu gramu 200 za sukari. Malimau sita hadi manane ya wastani hutoa glasi moja. Utapata lita moja na nusu na zaidi kidogo. Onja ikiwa ya joto la kawaida, na uikubali ikiwa tamu kupita unavyotaka kidogo, maana baridi hupunguza utamu mdomoni na barafu itaongeza maji. Lakini hapo pana la kusema ukweli kwa ajili ya watoto. Glasi ya juisi hii ina gramu 30 hivi za sukari, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015 lilisema ni bora zaidi mtu mzima asizidishe kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Nyumbani, siku za kawaida, punguza sukari hadi nusu glasi na limau hadi robo tatu, uwape glasi ndogo. Siku ya posa ni siku ya posa.

Tufike kwenye ladha. Kanuni yangu ni moja: ladha inaingia kwenye sukari, limau linaingia mwisho, kila kitu kikiwa kimepoa. Limau ni asidi kali, na asidi hiyo inabadilisha rangi, na limau likipata moto linapoteza ule uchangamfu pamoja na vitamini C. Shira haina matatizo hayo. Inapokea harufu kwa utulivu, inaichukua, na wewe unaamua dakika ya mwisho ni kiasi gani kiingie kwenye jagi.

Nanaa yako iligeuka matope kwa sababu hiyo hasa. Ukijani wa majani unatokana na klorofili, na klorofili ikikutana na asidi inapoteza magneziamu yake na kuwa rangi ya kaki. Ulipoisaga uliifungua kabisa, kila chembe ikaogeshwa kwenye limau, na juu ya hapo majani yaliyosagwa yana uchungu wa nyasi. Fanya hivi: pika shira, zima moto, subiri mpaka mvuke utulie na uweze kugusa ubavu wa sufuria kwa nukta moja bila kuungua. Chukua konzi moja ya nanaa iliyooshwa, majani mazima na vijiti vyake laini, uyazamishe, ufunike. Dakika 20 zinatosha. Ukiiacha usiku kucha itanuka kama dawa ya meno. Chuja bila kukamua majani. Shira itakuwa na rangi ya njano iliyopauka kidogo na harufu kamili. Ukijani wa macho uupate kwa kutia vitawi vibichi kwenye jagi wakati wa kupeleka mezani, baada ya kuvipiga kofi moja kati ya viganja ili viamke. Rehani na rozimeri zinafuata njia hiyo hiyo, isipokuwa rozimeri ni kali na kijiti kimoja kinatosha jagi zima.

Stroberi ziko kinyume na ulivyozitendea. Harufu yake ni nyepesi na hukimbia motoni, na kinachobaki ndiyo hiyo jemu. Nunua kisanduku cha gramu 250, zile zinazoletwa kutoka upande wa Limuru zikiwa zimeiva mpaka shingoni. Nyeupe mabegani usichukue, kwa kuwa stroberi haiendelei kupata utamu ikishachumwa. Kata nyembamba, changanya na ile glasi ya sukari iliyokaa na maganda ya limau, ufunike uweke kwenye friji saa tatu au nne. Hakuna moto hata kidogo. Sukari itatoa maji yake yote na utapata shira nyekundu. Chuja, na hayo mabaki ya nyama uwape watoto na mtindi. Utakapoongeza limau utaona rangi ikichangamka badala ya kufa, maana rangi nyekundu ya stroberi inapenda asidi. Ndiyo furaha yake.

Tangawizi ina njia mbili, na uchague kulingana na wanywaji. Ukiikwaruza mbichi na kuikamua kwa kitambaa unapata ukali unaopanda puani; ukiichemsha kwenye shira dakika kumi ukali unatulia na kuwa joto la kooni. Wazee watakaokuja kwenye posa watapenda ya kwanza, watoto ya pili. Kipande cha ukubwa wa vidole gumba viwili kinatosha jagi moja. Maji ya tangawizi mbichi yaache yatulie robo saa, utaona unga mweupe umezama chini. Mimina ya juu uuache huo unga. Usipofanya hivyo juisi yako itakuwa na ukungu na vumbi chini ya kila glasi.

Pasheni watu wanaiharibu kwa blenda kama unavyoliharibu limau. Mbegu zake zikisagika zinaleta uchungu na chengachenga nyeusi. Kata pasheni nane, kwangua ndani kwa kijiko, ziweke kwenye kichungi na vijiko viwili vya sukari, ukoroge kwa mgongo wa kijiko mpaka mbegu zibaki kavu. Pasheni yenyewe ni chachu, kwa hiyo punguza limau hadi nusu glasi. Kati ya ladha zote nilizozitaja hii ndiyo ningeiweka mbele ya wageni, kwa kuwa kila mtu wa hapa anaijua na harufu yake inafika kabla ya glasi.

Mchaichai na iliki zichemshwe kwenye shira dakika tano, zifunikwe zipoe humo. Ukwaju na choya, yale maua mekundu makavu ya kutengenezea juisi, ni chachu kama limau, hivyo nusu ya kipimo cha limau inatosha. Nanasi lililoiva halihitaji karibu sukari yoyote. Tango na tikitimaji zinapendeza, lakini zitiwe saa ya kunywa, kwani hazilali. Na tafadhali usichanganye ladha zaidi ya mbili kwenye jagi moja. Tangawizi na nanaa zinapatana. Stroberi na rehani pia. Ukiweka zote nne utakunywa sukari yenye harufu isiyojulikana.

Neno kuhusu vyombo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya limau huila alumini na kuleta ladha ya chuma. Kupikia shira tupu hakuna shida. Limau, ukwaju na choya vikae kwenye kioo, plastiki ya chakula, au chuma kisichoshika kutu. Usichanganyie juisi ya wageni kwenye lile sufuria kubwa la kupikia pilau, hata likionekana ndilo linalotosha.

Maji nayo. Ya mfereji yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, yapoe bila kufunikwa kabisa ili harufu ya klorini itoke, weka kitambaa safi tu juu. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Joto hilo linaua vijidudu bila wasiwasi, ila ndiyo sababu nimekupa dakika kumi za tangawizi ambapo mtu wa Mombasa angetumia pungufu. Na barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa vilevile. Watu wengi wanachemsha maji ya juisi kwa uangalifu, halafu wanatia barafu ya maji mabichi, na wageni wanaumwa tumbo bila mtu kujua kilichowapata.

Ukitaka kutumia asali badala ya sukari, iyeyushe kwenye maji vuguvugu, na upunguze kipimo kidogo kwa sababu ni tamu zaidi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa asali, hata tone.

Sasa hesabu ya posa. Watu 30, glasi mbili za mililita 200 kila mmoja, ni lita 12. Zidisha kipimo cha jagi mara saba, na barafu itajazia kilichobaki: glasi saba za maji ya limau, ambayo ni malimau kama 50, glasi saba za sukari, yaani kilo moja na gramu 400, na glasi 35 za maji, sawa na lita 9 hivi. Usitengeneze ladha moja tu. Gawanya: nusu iwe pasheni, robo tangawizi, robo nanaa. Kwenye sehemu ya pasheni kumbuka limau linapungua nusu, kwa hiyo malimau 40 yatatosha.

Kazi igawanye siku tatu. Siku mbili kabla, pika shira zote, zipoe, ziweke kwenye chupa safi ndani ya friji. Shira tupu inakaa wiki mbili bila shida, yenye majani wiki moja, yenye matunda siku tano. Jioni ya kuamkia posa kamua malimau, chuja, weka kwenye chupa iliyojaa mpaka shingoni ili hewa iwe kidogo. Yakikamuliwa kwa mkono na kuchujwa vizuri yatafika asubuhi bila uchungu. Stima zikipotea usiku, usifungue friji. Limau na shira vitavumilia mpaka asubuhi. Maji yawe tayari yamechemshwa na kupoa.

Siku yenyewe usichanganye lita zote 12 kwa pamoja. Changanya jagi mojamoja kadiri wageni wanavyofika, chumvi ya kubana kwa vidole, kisha barafu. Barafu iende kwenye glasi, isiende kwenye jagi, la sivyo wa mwisho kufika watapewa maji yenye kumbukumbu ya limau. Wakwe wakitaka yenye gesi, badilisha nusu ya maji na soda ya maji, ukiimimina mwisho kabisa bila kukoroga sana.

Maji ya limau yatakayobaki yagandishe kwenye vile visanduku vya barafu, kisha uhamishie kwenye mfuko. Yatakaa miezi mitatu, na vipande vitano au sita vikitiwa kwenye jagi dogo na shira kidogo, watoto wana juisi ya jioni bila wewe kukamua chochote.